Yai la Tatu

Kwa miaka kumi na tano maabara yetu ilipima zebaki katika mayai ya shakwe, ndege wa baharini, wa kisiwa kimoja, na katika miaka tisa ya mwisho namba zilishuka. Mwanzoni wastani ulikuwa mikrogramu moja nukta moja sifuri kwa kila gramu ya yai lililokaushwa. Mwishoni ulikuwa sifuri nukta sita nane. Upungufu huo ni asilimia thelathini na nane, na namba hiyo ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeandika utaratibu wa kukusanya, ndiye niliyesimamia mashine, na ndiye niliyekuwa nitie saini taarifa ambayo Kamati ya Usalama wa Chakula ingeitumia kuondoa onyo la samaki wa ghuba.

Onyo lenyewe lilikuwa na mistari minne. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka sita wasile samaki wakubwa wa ghuba zaidi ya mara moja kwa mwezi. Lilibandikwa kwenye kila zahanati na kwenye ukuta wa soko la samaki, na hakuna aliyelipenda.

Watu huuliza kwa nini tusipime samaki wenyewe. Tunawapima. Lakini samaki mmoja anaweza kuwa amekulia ghubani na mwingine amepita jana tu, na kwa macho hutawatofautisha. Shakwe wa kisiwani hula hapohapo msimu wote. Zebaki inayoingia baharini huzama kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa aina inayong'ang'ania misuli, vijidudu vya majini huipata kidogo, dagaa huwala vijidudu kwa maelfu, samaki wakubwa huwala dagaa, na kila ngazi kipimo hupanda mara kadhaa. Shakwe yuko ngazi ya juu. Anapokaribia kutaga, sehemu ya zebaki aliyoila katika wiki chache zilizopita huingia kwenye ute. Ukipima yai umepima alichokula, na kilicholiwa na hicho alichokula.

Jike hutaga mayai matatu, kwa kupishana siku moja au mbili. La kwanza hubeba zebaki nyingi zaidi, la pili pungufu, la tatu pungufu zaidi. Jambo hilo linajulikana, na ndiyo maana utaratibu wangu ulisema, ukurasa wa pili, kwamba kutoka kila kiota lichukuliwe yai moja, nalo liwe la kwanza. Viota thelathini kila mwaka. Ili lipi la kwanza lijulikane, mlinzi wa kisiwa alizunguka kila asubuhi katika msimu wa kutaga akiweka alama ya penseli kwenye maganda: mstari mmoja, miwili, mitatu.

Mlinzi huyo ni mjomba wangu, mdogo wake mama yangu. Sikumtafutia kazi mimi. Alikuwa kisiwani kabla maabara haijajengwa, ameajiriwa na idara ya wanyamapori kuhesabu makinda na kufukuza wezi wa mayai. Sisi tulimwongezea kazi ya kutuletea mayai kihalali. Alikuwa akisema kwamba nchini hapa yeye peke yake ndiye polisi aliyepewa kibali cha kuiba.

Wiki tatu kabla ya kikao cha kamati, mkurugenzi wa maabara aliingia ofisini kwangu akiwa ameshika rasimu ya taarifa. Ni mwanakemia mzuri ambaye hajagusa mashine kwa miaka minane, na anajua namna ya kuzungumza na watu wanaokaa mezani.

"Wanakamati ni watu wa macho," alisema. "Uwape kitu cha kutazama."

"Grafu iko ukurasa wa tano."

"Nimeiona. Mtu akiiangalia anadhani ni mapigo ya moyo wake, tena yamesimama. Wape yai. Ganda moja la mwaka wa kwanza, moja la mwaka jana, kwenye kisanduku cha kioo. Hili lilikuwa na sumu hivi, hili lina sumu hivi. Basi."

"Maganda hayaonyeshi sumu."

"Dada yangu, hayahitaji kuonyesha. Yanahitaji kukaa mezani."

Nilishuka stoo. Ufunguo wake, pamoja na funguo za friza zote, hukaa shingoni mwa fundi wetu wa maabara, mwanamke ninayemzidi umri kwa mwaka mmoja ambaye jengo zima linamwita Mama Barafu. Maganda yote tuliyahifadhi. Baada ya yai kukatwa kiunoni na kumwagwa kwenye chupa ya kusagia, nusu mbili za ganda huoshwa, hukaushwa na kuwekwa ndani ya kijisanduku chenye pamba. Tulikuwa na vijisanduku mia nne na hamsini kwenye droo kumi na tano. Hakuna aliyewahi kuvifungua. Tulivihifadhi kwa sababu niliwahi kuandika kwamba vihifadhiwe.

Mama Barafu alivuta droo ya kwanza na ya mwisho, akachagua ganda moja kutoka kila droo kwa ajili ya rangi, akayaweka sambamba mezani.

"Hili zuri," alisema. "Hili la mwaka jana, mbona kama la njiwa?"

"Mayai hutofautiana."

"Yatofautiane tu, mimi sijakataa. Lakini hili lina mstari mmoja. Hili mitatu."

Nililichukua ganda la pili na kulipeleka dirishani. Mistari ilikuwa mitatu, ya penseli, imenyooka, kila mmoja na urefu wa nusu sentimita. Nilichukua jingine kutoka droo ileile. Mitatu. Jingine. Mitatu.

"Fungua zote," nilisema.

"Zote za droo hii?"

"Droo zote."

Alinitazama, akaenda kuvaa glavu.

Kazi hiyo ilituchukua siku moja na nusu. Miaka sita ya kwanza, kila ganda lilikuwa na mstari mmoja. Mwaka wa saba, maganda matano yalikuwa na mistari mitatu. Mwaka wa nane yalikuwa tisa, kisha kumi na manne, kisha ishirini, kisha ishirini na sita, na kuanzia mwaka wa kumi na mbili, yote thelathini. Nilichora idadi hizo kwenye karatasi, kisha nikaiweka karatasi juu ya grafu ya ukurasa wa tano. Mchoro mmoja ulipopanda, mwingine ulishuka, mwaka kwa mwaka.

Mama Barafu alikuwa akifunika vijisanduku. "Kwa hiyo Mjomba wako ametuchezea?"

"Sijui bado."

"Tangu lini wewe hujui?"

Nilienda kwenye kabati la fomu. Kila yai lilikuja na fomu ya karatasi, imeandikwa na mlinzi kwa mkono. Kulikuwa na safu ya namba ya kiota, tarehe, urefu, upana, uzito, na namba ya yai. Mwisho kulikuwa na kisanduku cha maelezo. Katika fomu tano za mwaka wa saba, kwenye namba ya yai, aliandika tatu, na kwenye maelezo: *Upande wa kaskazini nimechukua la tatu. Makinda hayatoshi.* Mwaka wa nane: *Kaskazini na mwamba wa kati, la tatu.* Mwaka wa kumi na mbili: *Kote la tatu. Mkitaka tofauti mniambie.* Chini alitia saini yake na tarehe.

Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyesoma. Hilo nalo nilijua lilikotoka. Katika mwaka wa tatu nilimwagiza karani wa takwimu asiingize tena safu ya namba ya yai kwenye kompyuta. Ilikuwa moja kwenye kila fomu, na nilimwambia kwamba safu isiyobadilika haina habari. Kisanduku cha maelezo hakikuwahi kuingizwa kabisa, maana maneno hayachoreki kwenye grafu. Hata ukubwa wa mayai, ambao ulikuwa umeingizwa vizuri na ungeonyesha kwamba yanazidi kuwa madogo, maana la tatu huwa dogo kuliko la kwanza, sikuwahi kuuchora.

Asubuhi ya pili nilipanda boti ya idara kwenda kisiwani. Mjomba alinisubiri kwenye gati akiwa na kofia mbili ngumu za mafundi ujenzi. Shakwe wenye viota hushambulia sehemu ya juu kabisa ya mtu, kwa hiyo kila kofia ilikuwa imefungwa kijiti kilichosimama wima, ili ndege akipige kijiti na si kichwa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja bila kupiga simu. Amekufa nani?"

"Hajafa mtu."

"Basi vaa kofia tuzungumze, kabla hawa wenyeji hawajakuchagulia mada."

Nyumba yake ina vyumba viwili. Cha mbele kina meza, darubini, kalenda iliyoandikwa hesabu za makinda kila siku, na ndoo za maji zilizofunikwa. Niliweka fomu tatu mezani. Alivaa miwani, akazisoma kana kwamba zimeandikwa na mtu mwingine, akazirudisha.

"Mwandiko wangu ulikuwa mzuri," alisema.

"Kwa nini ulichukua la tatu?"

"Nimeandika hapo."

"Nataka kukusikia."

Alivua miwani. "Yai la kwanza linaanguliwa kwanza. Kinda lake likitimiza siku mbili, la tatu ndiyo kwanza linatoka, dogo, halina nguvu, wenzake wanalikanyaga. Upande wa kaskazini, penye upepo, nimehesabu miaka na miaka: makinda kumi ya yai la tatu, tisa yanakufa wiki ya kwanza. Nikikuletea la kwanza, nimekuletea shakwe. Nikikuletea la tatu, nimekuletea yai. Na mimi nina wakubwa wawili. Wewe unataka mayai, idara inataka makinda. Nikaona hapo kila mtu anapata chake."

"Utaratibu ulisema la kwanza."

"Ulisema. Ndiyo maana nikaandika kwenye fomu kwamba nimebadili. Miaka tisa, hakuna aliyekuja juu. Nikajua mmekubali."

"Hatukusoma."

"Hata moja?"

"Niliondoa safu hiyo mwaka wa tatu. Mimi mwenyewe."

"Haya," alisema, akafuta miwani kwa pindo la shati. "Basi tumekosa wote, ila mimi nimekosa kwa maandishi."

Nilimweleza maana yake. Yai la tatu lina zebaki pungufu kuliko la kwanza hata kama bahari haijabadilika kwa chochote. Kadiri alivyoongeza mayai ya tatu, ndivyo wastani ulivyoshuka. Huenda asilimia thelathini na nane yote, au karibu yote, ilikuwa hiyo. Siku kumi na nane baadaye kamati ingekutana kuondoa onyo kwa namba ambayo huenda haipo, na wajawazito wangeambiwa wale.

Hili lilimwingia kuliko nilivyotazamia. Msimu uliopita nilimtajia namba zile kwa simu, naye alizipeleka sokoni. Wauza samaki walikuwa wamemsusia kwa miaka, wakimwona ndiye anayewafungia biashara kwa mayai yake. Alipowaambia bahari inapona, walianza kumwita Daktari na kumwachia kiti.

"Siwezi kurudi kule nikasema haijapona," alisema.

"Sijui kama haijapona. Nataka kujua."

"Pima basi."

"Ninahitaji viota kumi na viwili. Mayai yote matatu kutoka kila kimoja, yenye alama zako. Jike yuleyule, msimu uleule. Nikipata uwiano wa la tatu kwa la kwanza, nitarekebisha miaka yote."

Alihesabu bila kutumia vidole. "Thelathini na sita."

"Ndiyo."

"Unajua nimewaachia ndege mayai mangapi ya kwanza katika miaka tisa?"

"Mia moja tisini na manne."

"Umeyahesabu."

"Yako kwenye droo. Yaani, ya tatu yako kwenye droo. Ndiyo niliyohesabu."

Nje shakwe mmoja alitua juu ya bati, akatembea kutoka ukingo hadi ukingo. Mjomba alisubiri hatua ziishe.

"Katikati hapo," alisema, "miaka niliyochanganya. Una ya kwanza na ya tatu ya mwaka mmoja. Linganisha hayo, uniache na ndege wangu."

Lilikuwa wazo zuri, na nilikuwa nimelifanyia kazi usiku uliotangulia. "Nimelinganisha. Ya tatu yako chini kwa karibu theluthi moja. Lakini ya tatu yote yalitoka kaskazini na mwamba wa kati, na ya kwanza yote kusini. Huenda wa kaskazini wanakula kwingine. Siwezi kujua kilichopunguza ni upande au ni mpangilio wa kutaga. Ungechagua viota kwa kurusha sarafu, leo nisingekuomba hata yai moja."

"Kwa hiyo kosa langu ni kwamba nilikuwa na huruma ya mpangilio."

"Kwa upande wa takwimu, ndiyo."

Alicheka, si kwa muda mrefu. Kisha akataka kunichagulia viota mwenyewe: vya pembezoni, vya majike wazee, ambavyo kwa vyovyote visingefika mbali. Nilikataa. Niliandika namba za viota vyote vilivyokuwa na mayai matatu, themanini na kimoja, kwenye vipande vya karatasi, nikavikunja sawasawa na kuvitia ndani ya kofia yangu. Nilimpa avute yeye.

Alivuta vitano. Cha sita alikifunua, akakikunja tena.

"Hiki nitakirudisha."

"Namba ngapi?"

"Kumi na saba. Hapo nyuma ya jiko. Ana mguu mmoja, huyu, anakuja mwaka wa nane. Hajawahi kunipiga kichwani."

"Hatuwezi, Mjomba. Ukirudisha kimoja kwa sababu unakijua, tumerudi kaskazini."

Alikishika kikaratasi kwa muda. Nilifikiri angetoka nacho nje. Kisha akakiweka juu ya vile vitano, akavuta cha saba, akaendelea mpaka kumi na viwili bila kuvisoma tena.

Tulikusanya mchana ule. Yeye alichukua, mimi niliandika. Kwenye kiota cha kumi na saba jike alisimama kwa mguu wake mmoja hatua nne kutoka kwetu na hakupaa. Mjomba aliyatoa mayai moja moja, akasoma alama kwa sauti: moja, mbili, tatu. Sauti yake haikuwa tofauti na ya viota vingine. Boti ilipoondoka hakunipungia mkono, lakini alikuwa ameshika kofia zote mbili.

Siku kumi zilizofuata zilikuwa za kawaida. Mayai yalipimwa, yakakatwa, yakasagwa, yakakaushwa kwa baridi kwa saa sabini na mbili, yakasagwa tena kuwa unga. Mama Barafu alibandika kila chupa namba isiyo na maana ili mimi ninayesoma mashine nisijue ni yai la ngapi. Sikumwomba. Alisema kwamba watu wa ukoo mmoja wasiachiwe jambo hili peke yao, akaficha orodha ndani ya friza chini ya ini la pomboo aliyekufa ufukweni mwaka jana, mahali ambapo alijua sitapekua.

Siku ya kumi na moja alinipa orodha. La pili lilikuwa na asilimia themanini na tatu ya zebaki iliyokuwa kwenye la kwanza. La tatu lilikuwa na asilimia sitini na sita. Kaskazini na kusini hakukuwa na tofauti. Nilichukua sifuri nukta sita nane, nikagawanya kwa sifuri nukta sita sita. Jibu ni moja nukta sifuri tatu. Ikilinganishwa na moja nukta moja sifuri ya miaka ya mwanzo, upungufu ni asilimia sita, na kosa la kipimo ni tisa juu au tisa chini. Kwa lugha ya kila siku: hatuwezi kusema kwamba zebaki imepungua.

Mkurugenzi alizisoma kurasa zangu mpya akiwa amesimama, kisha akakaa akazisoma tena.

"Zimebaki siku tano," alisema.

"Ndiyo."

"Kamati imeshawaalika waandishi wa habari. Kuna mtu amekwisha kuandika hotuba."

"Atabadilisha aya mbili."

"Sikiliza. Sisemi tufiche. Nasema twende na ile taarifa, halafu baada ya miezi mitatu tutoe marekebisho. Masahihisho hutolewa kila siku. Hakuna atakayekushika shati."

"Miezi mitatu ni theluthi ya mimba."

Alikunja uso kama mtu aliyekanyagwa mguu kwa haki. Alijua hesabu hiyo kuliko mimi. Makala yake ya kwanza yalihusu zebaki na ubongo wa kijusi. Aligeuza kurasa mpaka sehemu ya mbinu, akasoma nilichoandika: kwamba kuanzia mwaka wa saba mkusanyaji alichukua yai la tatu ili kuongeza idadi ya makinda, kwamba aliliandika badiliko hilo kila mwaka, na kwamba mkuu wa utafiti aliondoa safu husika kwenye takwimu na hakusoma fomu.

"Hapa pangetosha kuandika 'dosari ya ukusanyaji'," alisema.

"Haikuwa dosari ya ukusanyaji. Ilikuwa dosari ya kusoma."

"Utajivunjia jina kwa sentensi moja?"

"Ni sentensi tatu. Mtu anayetaka kutumia takwimu hizi anahitaji zote."

Alizitia kurasa sahihi yake ya awali, kwa penseli, akasema kisanduku cha kioo alikuwa amekwisha kukiagiza na sasa atakitumia kuwekea kalamu.

Kikao kilichukua dakika arobaini. Nilisoma, nikaonyesha maganda mawili, safari hii kwa sababu yalikuwa ushahidi. Mwenyekiti wa kamati, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliyapitisha mkononi na kuhesabu mistari kwa kucha.

"Kwa hiyo miaka kumi na tano hamkujua mnachokipima," alisema.

"Tulijua tunachokipima. Hatukujua katika yai lipi."

"Na sasa?"

"Sasa tunajua kwamba kiasi cha zebaki kiko palepale kilipokuwa, au karibu na hapo. Sina msingi wa kupendekeza onyo liondolewe."

Waliuliza maswali sita mengine, manne kati yake kuhusu nani alaumiwe. Nilijibu kwa kurejelea ukurasa. Onyo likabaki. Kipindi kingine cha miaka mitano cha utafiti wangu, kilichokuwa kiidhinishwe siku hiyohiyo, kilisogezwa mbele mpaka mtu wa nje akague takwimu zetu zote. Katika nafasi yao ningeamua hivyohivyo.

Mjomba alikuwa amekaa safu ya nyuma, amevaa koti ambalo nililiona mara ya mwisho kwenye harusi ya dada yangu. Hakuwa ameitwa. Tulitoka pamoja, naye akasema ana jambo sokoni kabla boti yake haijaondoka, kama nina nafasi.

Kwenye ukuta wa soko la samaki palikuwa na mraba mweupe kuliko ukuta wenyewe, na matundu manne ya misumari. Wauza samaki walikuwa wamekwisha kuling'oa bango la onyo tangu msimu uliopita, kwa kauli ya Mjomba. Mama mmoja mnene wa meza ya mbele alimwona.

"Daktari! Leo umevaa. Unaoa?"

"Bango liko wapi?"

"Bango gani?"

"Lile lililokuwa hapo."

"Si ulisema bahari imepona?"

"Nilisema. Nilikuwa ninachukua mayai madogo." Alisimama wima kama mbele ya kamati. "Huyu mpwa wangu amepima makubwa. Haijapona. Liko wapi?"

Walicheka, wakatazamana, kisha kicheko kikapungua walipoona kwamba haondoki. Mwanamume wa meza ya jirani alimuuliza kama ametumwa na serikali. Mwingine alisema Daktari amefutwa udaktari. Yule mama alichomoa bango chini ya meza yake, ambako alilitandika kuzuia maji ya barafu, akalifuta kwa aproni upande mmoja tu na kumpa.

Hakuna aliyeinuka kusaidia. Mjomba aliomba nyundo kwenye duka la pili, akarudi na misumari mdomoni. Nilishika ukingo wa chini, yeye akapigilia juu.

"Limenyooka?" aliuliza.

Nilirudi nyuma hatua tatu. "Kushoto limeshuka."

"Kiasi gani?"

"Sentimita mbili hivi."

"Hiyo ni ndani ya kosa la kipimo," alisema, akaugonga msumari wa mwisho.

Haikuwa ndani ya kosa la kipimo. Lakini maandishi yalisomeka, yote mistari minne, hata kutoka meza ya mwisho. Yule mama wa mbele alikuwa na mteja mjamzito mbele yake, anachagua. Mteja aliinua macho, akasoma, akauliza bei ya dagaa.